Kimto cha safu ya tano

Mwanangu mdogo ndiye aliyekiona.

Ndege ilikuwa imeshasimama, watu wamejaa njiani na mabegi yao, wale wa dirishani wamesimama nusunusu, shingo zimeinama chini ya makabati ya mizigo. Yeye akaingiza mkono kwenye mfuko wa kiti uliokuwa mbele yangu, alikoweka kalamu zake za rangi, akatoka na kimto. Kidogo tu, hakizidi viganja viwili, kimeshonwa kwa mkono kwa kitambaa cha maua kilichopauka. Upande mmoja uzi ulikuwa mweupe, upande mwingine wa bluu, kama aliyekishona aliishiwa uzi akamalizia na aliokuwa nao. Katikati kilikuwa kimebonyea, na nilipokibinya hakikuumuka.

"Baba, hiki cha nani?"

Nilijua ni cha nani. Kiti nilichokuwa nimekalia kilikuwa na mwenyewe.

## Nafasi nyingi, si nafasi mbili

Shirika lenyewe silitaji, kwa sababu halikunikosea kitu. Lilisema wazi tangu siku ya kukata tiketi kwamba viti havina namba, unaingia unakaa unapopata. Kinachopangwa ni foleni, na namba ya foleni unaipata kwa kadiri ulivyowahi kujisajili kwenye simu siku moja kabla ya safari. Nilikuwa nayajua yote hayo. Saa ya kujisajili ilipofika nilikuwa nafunga mabegi, nikajiambia nitafanya nikimaliza. Nilimaliza usiku wa manane, nikalala. Asubuhi nilipofungua simu tulikuwa karibu na mwisho wa orodha. Wenye watoto wadogo sana huruhusiwa kutangulia, lakini wangu, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 7, walikuwa wameshapita umri huo.

Chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kuiona kwa macho mpaka nilipoingia mlango wa ndege ile.

Ukiwa na viti vitatu kushoto na vitatu kulia, watu wakiachiwa wachague wenyewe, hujaza dirishani kwanza, halafu upande wa njia. Cha katikati hakuna anayekitaka. Basi sisi wa mwisho tulikuta viti zaidi ya ishirini vitupu, kila kimoja kimebanwa na watu wawili. Nafasi zilikuwa nyingi, lakini hapakuwa na nafasi mbili.

Binti yangu alishika ukanda wa begi langu. Mdogo wake akauliza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haijui kunong'ona, "Baba, mimi nitakaa na nani?"

Safu ya tano, dirishani alikaa kijana mwenye hedifoni kubwa, uso umeelekea nje. Katikati patupu. Upande wa njia alikaa mama mtu mzima, mkoba mapajani, mkanda ameshaufunga.

"Shikamoo, mama. Samahani sana, niko na watoto hawa wawili peke yangu. Naomba unisaidie kiti hiki nikae na huyu mdogo."

Aliniangalia. Akamwangalia mtoto. Kisha akawaangalia waliosimama nyuma yetu, mabegi mikononi, wakisubiri njia ifunguke.

"Marahaba, mwanangu. Haya."

Akafungua mkanda, akashika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili, akajivuta. Ilimchukua muda kunyanyuka. Niliona kwamba ilimchukua muda, nikadhani ni umri tu. Akaenda nyuma mpaka safu ya 22, akaingia katikati ya wanaume wawili wenye mabega mapana. Binti yangu akapata cha katikati safu ya sita, nyuma yetu kabisa. Watu walitabasamu. Mhudumu wa ndege akamwambia yule mama ahsante. Mimi nikamfunga mwanangu mkanda nikashusha pumzi, nimeridhika kama mzazi aliyefanya kazi yake.

## Kwenye mizigo

Nilimkuta amekaa kwenye benchi karibu na mkanda wa mizigo. Kiatu cha mguu wa kulia amekivua, mguu ameunyoosha mbele, anaukanda chini ya goti kwa vidole gumba. Kifundo kilikuwa kimevimba. Soksi aliishusha, na mahali ilipokuwa imebana palibaki mfereji kwenye ngozi.

Nikampa kimto. Akakipokea kwa furaha kabisa. "Nimekitafuta huko nyuma mpaka nikadhani nimekisahau nyumbani."

Akakiweka chini ya goti, pale pale kwenye bonyeo, kikakaa. Akaniambia, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza habari za hali ya hewa, kwamba goti lile lilipasuliwa, na kwamba likikunjwa kwa muda mrefu huvimba. Ndiyo maana mjukuu wake humsajili dakika ile ile saa inapofunguka, apate kiti cha upande wa njia, aweze kuunyoosha.

"Mama, ungeniambia tu. Ningetafuta kwingine."

"Ningekwambiaje, mwanangu, na ndege nzima inaniangalia?"

Begi lake likatokea. Nikamshushia. Akashukuru, akaondoka polepole.

## Swali la mama yao

Nimeishi na sentensi ile kwa wiki sita.

Mwanzoni nilijitetea. Yule ni mtu mzima, niliomba kwa adabu, sikumlazimisha. Rafiki mmoja niliyemsimulia alisema, "Uliomba, akakubali, kesi imeisha." Nilitaka sana iishe hapo.

Lakini mama yao, ambaye alikuwa ametangulia kikazi na ndiye tuliyekuwa tunamfuata, alikuwa ameshaniuliza swali moja usiku ule ule tulipofika. Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anakunja nguo za watoto.

"Na yule kijana wa dirishani, ulimuuliza?"

Sikumuuliza.

Cha dirishani na cha katikati ni viti viwili vinavyofuatana, sawasawa na cha katikati na cha njiani. Kijana yule angehama badala ya mama, mimi na mwanangu tungekaa vilevile. Tena alikuwa na miguu mizima na umri wa kuvumilia. Na kabla ya kufika safu ya tano nilikuwa nimepita safu nne. Upande wa njia walikaa wanaume watatu na mwanamke mmoja aliyekuwa anaandika kwenye kompyuta, na wote niliwapita bila kufungua mdomo.

Kwa nini yeye?

Nimelizungusha swali hili njia zote, na jibu linarudi lile lile. Nilimchagua kwa sababu alionekana hatakataa. Macho yangu yalikuwa yanafanya kazi mbele ya ulimi: huyu ana haraka, huyu amekunja uso, huyu hedifoni, huyu… ah, huyu ni mama wa watu. Wema wake ndio uliomponza.

Na kuna kitu kinachonichoma zaidi. Nilianza na shikamoo. Ni heshima, nimelelewa hivyo, na ningemwamkia hata kama sikuwa na shida. Lakini shikamoo ina jibu moja tu. Ukishaitikia marahaba umekuwa mzazi wa anayekuamkia, na mtoto wa mtoto wako amesimama mbele yako anauliza atakaa na nani. Ukifika hapo, hapana unaitolea wapi? Nilikuwa nimemfungia mlango kwa maneno mazuri kabla sijamwomba chochote.

## Lakini mtoto naye

Hapa ndipo ninapokwama, kwa sababu sitaki mtu asome haya akadhani naona wazazi waache kuomba. Mtoto kukaa karibu na mzazi ndani ya ndege si anasa.

Fikiria barakoa za oksijeni, zile tunazoonyeshwa kila safari mpaka hatuangalii tena. Hewa ikipotea ndege ikiwa kwenye futi 35,000, mtu mzima ana kati ya nusu dakika na dakika moja ya akili timamu, baada ya hapo hawezi kujisaidia. Ndiyo sababu tunaambiwa tuvae yetu kwanza, kisha tumvalishe mtoto. Maelezo yote hayo yamejengwa juu ya dhana kwamba mtoto yuko mahali mkono wako unafika. Binti yangu alikuwa nyuma ya mgongo wa kiti changu, sentimita chache tu, na nisingeweza kumfikia bila kufungua mkanda na kusimama.

Au fikiria kutoka kwa dharura. Ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka ionekane kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sekunde hizo hazina nafasi ya baba anayerudi nyuma akisukumana na watu kumtafuta mwanawe. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inaliweka wazi katika mwongozo wake: watoto wadogo wakae safu moja na mtu mzima wao, na isipowezekana wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja. Hata abiria wengine wananufaika mtoto akiwa na wake, kwa sababu njia inabaki wazi.

Kwa hiyo haja yangu ilikuwa ya kweli, na goti lake lilikuwa la kweli. Kilichonisumbua ni kwamba tuliachiwa tumalizane wenyewe, wawili, katikati ya njia, watu wakitazama.

## Dakika kumi

Nani aliyetuachia? Hili nililisoma kwa bidii, labda nikitafuta wa kumpa mzigo.

Historia ya viti visivyo na namba huwezi kuisimulia bila Southwest, kampuni ya ndege ya Marekani. Ilianza kuruka Juni 1971, kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata, fedha zilipobana, iliuza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo na ikataka kuendelea na ratiba ile ile kwa tatu zilizobaki. Njia pekee ilikuwa ndege isikae chini. Wakajipa dakika 10 tu za kushusha abiria, kupandisha wengine na kuondoka. Mtu asiyetafuta namba ya kiti hukaa upesi, na anayejua kuwa atakayewahi ndiye atakayechagua hachelewi getini. Kwa zaidi ya miaka 50 abiria wake walikaa walipopata, mpaka tarehe 27 Januari 2026 ilipoanza kugawa viti. easyJet ya Uingereza ilikuwa imeshaacha mtindo wa kukaa unapopata mwishoni mwa 2012, na Ryanair ya Ireland mwanzoni mwa 2014.

Southwest haikuwasahau wazazi. Mwenye mtoto wa miaka 6 au chini yake aliingia baada ya kundi la kwanza la foleni, viti viwili viwili vikiwa bado vipo. Ni utaratibu wa busara. Lakini mpaka wowote wa umri unamkata mtoto wa mtu.

Kuna jambo jingine lililonishika. Mwaka 2008 mwanafizikia Jason Steffen alipiga hesabu ya namna ya haraka zaidi ya kupandisha watu ndegeni. Kwa hesabu zake, waingie wa dirishani kwanza, kuanzia nyuma, safu moja ikirukwa, ili kila mmoja awe na nafasi ya kuinua begi lake bila kumzuia mwenzake. Ni hesabu nzuri sana. Sasa mtazame mzazi na mtoto ndani yake: wa dirishani anaingia na kundi moja, wa katikati na kundi jingine. Njia ya haraka kabisa ndiyo inayowatenganisha waliofuatana.

Sisemi haraka ni kosa. Tiketi niliyoimudu niliimudu kwa sababu ndege ile haikai chini. Lakini zile dakika zinazookolewa getini, kuna siku hulipwa na goti la mtu safu ya 22.

Mtu atasema basi viti vyenye namba vimemaliza tatizo. Nilidhani hivyo pia. Namba ilipokuja, ikaja na bei: unataka kuchagua, lipa. Asiyelipa anapangiwa popote, watoto wake wanapangiwa kwingine, na anajikuta amesimama njiani akiomba vilevile nilivyoomba mimi, tofauti ikiwa kwamba anayeombwa sasa amekilipia kiti chake. Ndiyo maana Agosti 2024 wizara ya uchukuzi ya Marekani ilipendekeza kanuni ya kuyataka mashirika yamkalishe mtoto wa miaka 13 au chini ya hapo kando ya mtu mzima wake bila malipo ya ziada. Nililisoma pendekezo lile nikimfikiria yule mama. Kila kiti kinachopangwa mapema na mwenye ndege ni mtu mmoja asiyelazimika kusema "Haya, mwanangu."

## Safari ya kurudi

Tulirudi baada ya wiki tatu, watatu tena, mama yao akibaki kumalizia kazi.

Safari hii niliweka kengele. Saa ilipofunguka kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Tukaangukia katikati ya foleni, si mbele, kwa sababu wapo waliolipia kusajiliwa kabla ya wote. Nilikasirika kidogo, kisha nikaenda mapema getini, nikamwambia mhudumu aliyekuwa pale: nina watoto wawili, nadhani hatutapata viti vitatu, na sipendi kumwomba mtu mmoja mmoja.

"Usimwombe mtu, kaka," akasema. "Nenda moja kwa moja nyuma, watu hugombania mbele. Nitawaambia wenzangu walio ndani."

Nimeshangaa kwamba sikuwahi kulifikiria hili la kwenda nyuma. Nilizoea kuanza kutafuta pale pale mlangoni, kama wote. Tulipita bila kutazama kushoto wala kulia, na safu ya mwisho kabisa, ukutani mwa choo, dirishani na katikati palikuwa patupu. Watoto wakaingia. Kiti cha tatu, cha upande wa njia, kilikuwa na mtu.

Kijana. Ana hedifoni.

Ulimi ulikuwa umeshafika menoni. Nikaumeza. Mhudumu wa ndani alinitazama, akachukua kipaza sauti akawaambia wote wa nyuma kwamba kuna familia ingependa kukaa pamoja, na kama kuna mtu wa safu zile ambaye hatapata shida kuhama, ainue mkono.

Mimi nilitazama kapeti. Nilifanya hivyo makusudi. Sikutaka jicho langu litue kwa mtu yeyote. Nilitaka mwenye goti, mwenye hofu ya kubanwa, mwenye mimba changa isiyoonekana, mwenye mambo yake tu asiyotaka kuyaeleza, akae kimya na asijulikane kuwa amekataa. Zilikuwa kama sekunde nane hivi. Na katika sekunde hizo nilijiuliza, je, asipoinua mtu? Hapo mhudumu angelazimika kuamua yeye, amhamishe mtu kwa mamlaka yake, na sina hakika kwamba kwa anayehamishwa hilo ni jepesi kuliko kuombwa. Sijalimaliza hilo.

Kijana aliona vichwa vinageuka. Akasogeza hedifoni sikio moja, akamuuliza jirani wa upande wa pili wa njia kumesemwa nini. Akaambiwa. Akainua mkono, na mkono mwingine ukawa tayari unavuta begi lake chini ya kiti.

"Mimi popote tu, bro. Nalala."

Akahamia safu mbili mbele yetu, katikati. Nikakaa. Binti yangu akaegemea dirisha, mdogo wake akaanza kutafuta kalamu zake. Ndege haijaacha hata geti, na kati ya migongo ya viti nilikiona kichwa cha yule kijana kikiyumba mara moja, mara ya pili, kisha kikalala upande, hedifoni bado masikioni.